Mfupa hautoshi: uongezewe mfupa wa taya, au kuna njia nyingine ya kurudisha jino?

Wagonjwa wengi wanaokuja kuulizia kipandikizi cha jino hapa Mwanza wanafika na jibu walilopewa kwingine: "Mfupa wako hautoshi." Kuna anayelichukua kama hukumu, akarudi zake Magu au Nansio na pengo lake. Kuna anayelichukua kama agizo, akaanza kuuza ng'ombe apate hela ya kuongezewa mfupa. Wote wawili wameruka swali ambalo lingewasaidia: hautoshi kwa ajili ya kitu gani? Mfupa usiotosha kubeba kipandikizi cha milimita 12 huenda unatosha kabisa kwa cha milimita 6. Taya lililokwisha nyuma huenda mbele bado limejaa. Na yapo mapengo ambayo hayahitaji kipandikizi hata kidogo.

Nitazilinganisha njia hizi kwa kufuata mahali pengo lilipo, maana hapo ndipo uamuzi unapobadilika. Gego la juu na gego la chini ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama mwenye pengo anaona yote ni ya nyuma.

Mfupa umeenda wapi

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayowekwa ndani ya taya mahali pa mzizi, kisha juu yake ikafungwa kofia yenye umbo la jino. Mswidi Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyeonyesha kwamba mfupa hai unashikamana na titani moja kwa moja, na mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Sharti la wakati ule ndilo la leo: skrubu izungukwe na mfupa pande zote. Skrubu ya kawaida ina unene wa milimita 4 hivi, na kila upande inataka mfupa wa milimita 1 hadi 1.5. Kwa hiyo ukingo wa taya unatakiwa uwe na upana wa milimita 6 au 7.

Mfupa unaoshika jino unaishi kwa kazi ya jino. Jino likishang'oka, nao unaanza kupungua, hasa ukuta wa nje, upande wa shavu na mdomo. Kwa meno ya mbele ya juu ukuta huo mara nyingi hauzidi milimita 1. Ndani ya mwaka mmoja upana wa ukingo unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza.

Mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alikuja na pengo la gego la chini akiwa na uhakika mfupa upo. "Dokta, shika mwenyewe, pamejaa." Ni kweli, fizi ilikuwa nene na imara. Picha ya CT ya taya ikaonyesha kwamba chini ya fizi ile kilele cha mfupa kilikuwa na upana wa milimita 3 tu, kimechongoka, kisha kinapanuka kadiri unavyoshuka. Eksirei bapa ya mdomo mzima, ile ambayo unasimama na mashine inakuzunguka kichwa, ilikuwa imeonyesha urefu mzuri bila dalili yoyote ya tatizo, kwa sababu picha bapa haionyeshi upana. Kabla hujakubali kuongezewa mfupa, na kabla hujakubali kuambiwa haiwezekani, uliza kama umepigwa picha inayoonyesha upana. Anayeamua bila hiyo anaamua kwa nusu ya habari.

Jino la mbele juu

Hapa ndipo kuongeza mfupa kunapojitetea vizuri kuliko kokote. Kipandikizi kikiwekwa kwenye ukingo uliobonyea, kofia inatoka ndefu kuliko jino la jirani, fizi inakaa vibaya, na titani inaweza kuonekana kama kivuli cha kijivu kila mtu anapocheka. Hilo ni jino utakaloonekana nalo kila siku ya maisha yako, kwa hiyo usikubali kubanwa na haraka.

Kazi yenyewe iko hivi. Fizi inafunguliwa, chembechembe za mfupa zinapangwa upande wa nje palipobonyea, kisha zinafunikwa kwa utando mwembamba. Kazi ya utando ni kuizuia nyama ya fizi, ambayo inaota haraka, isiwahi kuijaza nafasi ya mfupa, ambao unaota polepole. Halafu panashonwa na unasubiri miezi 4 hadi 9. Upungufu ukiwa mdogo, skrubu na chembechembe huwekwa siku hiyohiyo. Ukingo ukiwa umekwisha sana, hukatwa kipande cha mfupa wako mwenyewe, kutoka nyuma ya taya la chini au kidevuni, kikabanwa kwa skrubu ndogondogo na kuachwa miezi 4 hadi 6. Vidonda vinakuwa viwili, na waliotolewa mfupa kidevuni wakati mwingine huhisi ganzi kwenye meno ya mbele ya chini kwa muda mrefu.

Mbadala wa kwanza ni skrubu nyembamba, yenye unene chini ya milimita 3.5. Inafaa kwa jino dogo la pembeni la juu na kwa meno ya mbele ya chini. Kwa chonge au gego siishauri, kwa sababu hapo nguvu ya kutafuna ni kubwa na skrubu nyembamba inaweza kuvunjika.

Mbadala wa pili nauheshimu sana, na naona hauzungumzwi inavyostahili: daraja la kubandika. Ni jino moja la bandia lenye bawa nyuma, bawa linagundishwa kwenye jino la jirani ambalo halichongwi, au linachongwa kidogo sana. Haliulizi mfupa wako ukoje. Linaweza kubanduka, na likibanduka mara nyingi linabandikwa tena. Kwa kijana wa miaka 16 aliyeanguka na bodaboda akapoteza jino la mbele, hii ndiyo njia, au jino la kuvua. Asiwekewe kipandikizi. Taya lake bado linakua. Meno ya jirani yataendelea kushuka pamoja na taya, skrubu itabaki palepale, na baada ya miaka jino lile litaonekana limepanda juu kuliko wenzake. Najua mzazi anavyoumia kumwona binti yake akifunika mdomo kwa mkono shuleni. Jino la kubandika linamwondolea aibu hiyo ndani ya muda mfupi, na suala la mfupa linasubiri mpaka amalize kukua.

Daraja la kawaida ni jingine. Meno mawili ya jirani yanachongwa pande zote yakavalishwa kofia, na jino la katikati linaning'inia kati yao. Kama majirani hao wameshazibwa sana au wametibiwa mizizi, daraja ni chaguo zuri, maana yalikuwa yanahitaji kofia hata hivyo. Kama ni mazima, napinga. Jino zima likishachongwa halirudi.

Gego la juu

Juu ya magego ya juu kuna sainasi, pango la hewa linalopakana na pua. Mizizi ikitoka, sakafu ya pango hilo huelekea kushuka, huku ukingo wa taya nao unapungua kutoka chini. Unaweza kukuta mfupa uliobaki katikati ni milimita 4, au pungufu ya hapo.

Ukibaki na kiasi hicho na unataka kipandikizi, njia iliyozoeleka ni kuinua sainasi kwa dirisha la pembeni. Daktari anakata dirisha dogo kwenye mfupa upande wa shavu, anausukuma juu utando wa sainasi taratibu bila kuupasua, anajaza chembechembe za mfupa chini yake. Unasubiri miezi 6 hadi 9. Ajali inayotokea zaidi ni utando huo kuchanika. Mchaniko mdogo huzibwa papo hapo, mkubwa husababisha kazi iahirishwe. Baada ya hapo hakuna kupenga kamasi, ukipiga chafya acha mdomo wazi, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usipige mbizi ziwani. Madaktari wengi hukataza pia kupanda ndege kwa wiki kama mbili. Anayekwenda kufanyiwa Dar es Salaam apange hilo mapema, kwa sababu tiketi ya ndege ya kurudi Mwanza kesho yake haitamfaa.

Mfupa uliobaki ukiwa milimita 5 au 6 na kuendelea, sainasi inaweza kuinuliwa milimita chache kupitia tundu lilelile la skrubu, na skrubu ikaingia siku hiyo. Kidonda ni kidogo sana ukilinganisha na dirisha.

Halafu kuna kipandikizi kifupi, cha milimita 6 hivi, kinachowekwa kwenye mfupa uliopo bila kugusa sainasi. Zamani vifupi vilidharauliwa, na wapo madaktari ambao bado wanavidharau. Tafiti zilizolinganisha vifupi na virefu vilivyowekwa kwenye sainasi iliyoinuliwa zimeonyesha kwamba kwa miaka kama 5 vinadumu karibu sawa, huku vifupi vikiwa na madhara machache, gharama ndogo na muda mfupi wa kusubiri. Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi: una milimita 6 au 7, ulizia kifupi kwanza. Nitasita kwa mtu anayesaga meno usiku. Huyo napenda awekewe viwili vilivyounganishwa, au tuzungumze njia nyingine.

Njia ya nne ni kuliacha pengo, nayo ni njia halali ya kitabibu. Mholanzi Arnd Käyser alionyesha miongo mingi iliyopita kwamba mtu anaweza kuishi vizuri na safu fupi ya meno, yaani bila baadhi ya magego ya nyuma. Hapa kwetu Tanzania, P. T. N. Sarita na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu utafunaji wa watu wenye safu fupi. Waliobaki na magego madogo yote pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walitafuna vya kutosha. Walioumia ni wale waliobaki na jozi mbili au pungufu za magego madogo. Wewe uliyepoteza gego moja la mwisho juu, unayekula ugali wa muhogo na sato, hata michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), bila shida yoyote, huna deni la kujaza kila pengo. Tumia hela hiyo kutunza yaliyobaki.

Gego la chini

Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Skrubu inatakiwa ikomee milimita 2 juu yake. Ikiugusa, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi mdomoni: chai inamchuruzika bila yeye kujua, anajing'ata anapokula. Ndiyo maana mfupa ukipungua urefu hapa, uamuzi ni mgumu.

Kuongeza mfupa kwa upana hufanikiwa vizuri. Kuongeza kwa urefu, yaani kuujenga taya kwenda juu, ni kazi ngumu kuliko zote nilizotaja. Fizi inavutwa kufunika kitu kilichoongezeka chini yake, mshono unafunguka, chembechembe zinabaki wazi, zinaingia maambukizi, na miezi ya kusubiri inapotea pamoja na hela. Kwa gego la chini lililopungua urefu naweka kipandikizi kifupi mbele ya kuongeza mfupa, bila kuyumba.

Yule mama wa Mwaloni urefu alikuwa nao. Alichokosa ni upana wa kileleni. Kulikuwa na njia mbili: kujazia upana na kusubiri, au kukipunguza kile kilele kilichochongoka mpaka kufikia sehemu pana, kisha kuweka skrubu fupi. Alichagua ya pili, kwa kuwa hakutaka kuiacha meza yake ya biashara mara mbili. Kofia yake ni ndefu kidogo kuliko jino la jirani, lakini huko nyuma hakuna anayeona.

Asiye na jino hata moja

Mzee mmoja kutoka Sengerema aliletwa na mwanawe. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Daktari, mimi uzuri siutafuti. Nataka nile nyama, haya meno ya chini yanaelea." Taya lake la chini lilikuwa limekwisha nyuma, na mwanawe alishaanza kuulizia mfupa wa nyonga.

Mfupa wa nyonga hutolewa kwa nusu kaputi, na mtu huchechemea kwa muda. Kwa taya la chini lisilo na meno kabisa mara nyingi hauhitajiki, kwa sababu sehemu ya mbele, chini ya mahali palipokuwa na meno ya kukatia, kwa kawaida huwa na mfupa hata kwa wazee. Vipandikizi 2 vinawekwa hapo, na meno ya bandia ya kuvua yanabanwa juu yake kwa vifungo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba hili ndilo liwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Kwa wazee wetu sijaona thamani kubwa zaidi kwa hela inayotumika.

Anayetaka meno yasiyovuliwa anaweza kuangalia mpango wa vipandikizi 4 uliojulikana kupitia Mreno Paulo Maló: viwili mbele vikiwa wima, viwili nyuma vikiwa vimelazwa hadi nyuzi 45 ili kukwepa sainasi au mshipa wa fahamu. Vinakwepa pia kazi ya kuongeza mfupa. Gharama ni kubwa, na usafi wake unadai bidii kila siku. Taya la juu likiwa limekwisha kabisa kuna vipandikizi virefu vya kushika mfupa wa shavu, vyenye urefu wa milimita 30 hadi 50 na kitu. Hivyo ni vya bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya ndani ya hospitali, na vikiharibika kuvirekebisha ni shida.

Yule mzee tulianza na sukari yake, maana ilikuwa juu. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na kukaribisha maambukizi, na kanuni hiyo inahusu skrubu na mfupa wa kuongeza vilevile. Sigara inaharibu vyote viwili. Fizi zinazotoka damu na usaha zitibiwe kwanza. Waliopigwa mionzi ya saratani kwenye taya, na wanaotumia au waliowahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, wamwambie daktari mapema kabla ya upasuaji wowote wa mfupa wa taya. Anayeishi na VVU, anayetumia dawa vizuri na ambaye virusi vimefubazwa, hazuiwi.

Mfupa wenyewe unatoka wapi

Swali hili liulizwe kabla ya kusaini fomu. Mfupa wako mwenyewe una chembe hai na unaota vizuri, ila unakuongezea kidonda. Wa ng'ombe umesafishwa kwa joto na kemikali hadi yakabaki madini tu. Unayeyuka polepole sana na hivyo unashikilia umbo. Upo wa binadamu aliyejitolea baada ya kufa, uliosindikwa, na upo wa kutengenezwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti.

Kuhusu utando: nyingi zinazotumika kufunikia mfupa zimetengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Katika mji wenye Waislamu na Wasabato wengi kama huu wetu, mgonjwa ana haki ya kuambiwa hilo kabla, tena bila kulazimika kuuliza. Zipo tando za kolajeni ya ng'ombe na za kutengenezwa. Mwambie daktari mapema ili ziagizwe. Siku ya upasuaji, ukiwa umeshapigwa ganzi, umechelewa.

Pengine utaambiwa pia kuhusu kutolewa damu mkononi, ikazungushwa kwenye mashine na kupatikana utando wa njano unaowekwa kwenye kidonda. Unasaidia nyama kupona. Peke yake haujengi taya lililokwisha, kwa hiyo usikubali kuuziwa kama mbadala wa mfupa.

Safari, hela na kadi

Njia yenye hatua nyingi ina safari nyingi: picha, upasuaji wa mfupa, kutoa nyuzi baada ya siku 7 hadi 14, upasuaji wa skrubu, vipimo vya kofia, kuvalishwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko. Wa Ukerewe bado anapanga siku kwa ratiba ya meli, na mshono ukifunguka usiku hana njia ya haraka. Kwake, kipandikizi kifupi au daraja la kubandika vina faida ambayo haionekani kwenye bei. Bei nayo idai yote kwa pamoja, kuanzia picha hadi kofia, na kwa maandishi. Wengi wanatajiwa bei ya skrubu, wanagundua baadaye kwamba kofia ni hesabu nyingine. Kama una bima, peleka karatasi hiyo kwao kabla ya kuanza.

Ukiwekewa kipandikizi popote, iwe Dar es Salaam, Nairobi au India, usiondoke bila kadi yenye jina la kiwanda, aina, unene na urefu wa skrubu. Viungo vya viwanda tofauti mara nyingi haviingiliani, na bisibisi zake mara nyingi ni tofauti. Kofia ikilegea mwaka wa tatu na huna kadi, daktari wa Mwanza atabaki kubahatisha.

Kama jino bado halijang'olewa

Wewe ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote niliowataja. Mwambie daktari kabla ya ganzi kwamba unafikiria kipandikizi baadaye. Atalitoa jino kwa kuulinda ukuta wa nje, ikibidi kwa kuigawa mizizi, na anaweza kulijaza tundu kwa chembechembe za mfupa siku hiyohiyo. Mfupa bado utapungua, lakini kidogo zaidi, na kazi hiyo ni ndogo na nafuu kuliko kujenga ukingo uliokwisha. Kwa jino la mbele ninalishauri hilo karibu kila mara. Kwa gego lenye kuta nene, kama skrubu itawekwa ndani ya miezi 2 au 3, mara nyingi tundu linaweza kuachwa lipone lenyewe. Kama hela ya skrubu itapatikana baada ya miaka, zungumzeni kuhusu kulijaza.